Kuwagawa wageni wa tovuti kwa haja waliyoijia: mwongozo kwa mwenye nyumba ya wageni Dodoma

Nyumba ya kulala wageni jijini Dodoma hupokea, katika mwaka mmoja, watu wasiofanana kwa lolote isipokuwa kitanda wanachokitafuta. Yupo mtumishi wa halmashauri aliyeitwa kikaoni katika Mji wa Serikali Mtumba, yupo mzazi aliyetoka Kahama au Songea kuja kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, wapo watu wa Nane Nane wanaotaka kulala karibu na viwanja vya Nzuguni, na yupo mtalii anayepumzika usiku mmoja kabla ya kuelekea Kondoa kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mapokezi wanawatambua kwa sentensi ya kwanza tu wanayoitamka. Tovuti ya nyumba hiyo hiyo, isiporekebishwa, huwahesabu wote kwa jina moja, yaani watumiaji, na mwenye biashara akiulizwa kwa nini watu mia wamefungua ukurasa wa bei na watatu tu wamepiga simu, hana la kujibu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuirekebisha Google Analytics 4, zana ya Google inayohesabu wanaofungua tovuti na wanachofanya humo, ili igawe wageni hao kwa haja iliyowaleta. Mifano yote ni ya nyumba ya wageni, lakini muuza mvinyo wa zabibu au mkamuaji wa mafuta ya alizeti atafuata njia hiyo hiyo akibadilisha majina tu. Anayefuata maelekezo ya zamani ajue kwamba toleo lililotangulia liliacha kupokea data mpya za tovuti za kawaida tarehe 1 Julai 2023, hivyo maelekezo yanayozungumzia skrini zake hayatamfikisha popote.

Usianze na mji, lugha wala umri

Zana hii hukuletea makundi yaliyo tayari bila kuombwa, na mengi kati yake yanapotosha katika mazingira yetu. Mji wa mgeni hukisiwa kutokana na anwani ya mtandao (IP) anayotumia, na kwa mtu aliye kwenye data za simu anwani hiyo mara nyingi huelekeza mahali mtandao wa simu unapotokea kwenye intaneti, si mahali alipo yeye. Ndiyo maana mtu aliyeketi Nkuhungu anaweza kuandikwa kuwa yupo Dar es Salaam. Ukijenga tangazo kwa kuamini kwamba wageni wako wote wanatoka Dar es Salaam, utakuwa umelipia kosa la ramani.

Lugha nayo ina mtego wake. Kinachoandikwa ni lugha ya mipangilio ya simu au kivinjari, na simu nyingi nchini zimeachwa kwenye Kiingereza tangu zilipotolewa kwenye boksi, ingawa mwenye simu hasomi ukurasa wa Kiingereza hata siku moja. Ukitaka kujua nani anasoma kwa lugha gani, tazama ukurasa alioufungua: kurasa za Kiswahili ziwe chini ya /sw/ na za Kiingereza chini ya /en/, kisha gawa kwa anwani ya ukurasa.

Umri na jinsia viache kabisa. Vinahitaji kuwashwa huduma ya ziada ya Google, na tovuti yenye wageni wachache hufichwa baadhi ya safu za ripoti ili mtu mmoja mmoja asitambulike. Hata zisipofichwa, mhudumu wa mapokezi hana atakachobadilisha baada ya kuambiwa kwamba mgeni ana umri kati ya miaka 25 na 34.

Hatua ya kwanza: andika makundi kabla ya kugusa kompyuta

Chukua karatasi, orodhesha sababu zote zinazomfikisha mgeni kwenye tovuti yako, kisha futa kila sababu ambayo hata ukiijua hutabadilisha chochote. Zitakazobaki huwa chache. Kwa nyumba yetu ya mfano zimebaki nne: kikazi, mahafali, maonyesho na utalii. Mtumishi wa umma anataka kujua kama atapata risiti ya EFD ya kurejeshea masurufu, kama mnatoa ankara kifani (proforma) kabla ya safari, na ni umbali gani hadi Mtumba. Mzazi wa mhitimu anauliza chumba cha watu watatu na usafiri wa asubuhi kwenda chuoni. Mtu wa maonyesho anataka pa kuegesha gari lenye mizigo, naye mtalii anataka ukurasa wa Kiingereza na mahali pa kuacha begi kubwa. Hayo ni mahitaji manne yenye majibu manne tofauti, na kwa hiyo yanastahili makundi manne. Usiongeze la tano kwa sababu tu zana inaruhusu.

Hatua ya pili: safisha msingi

Fungua sehemu ya Admin na uhakikishe saa za eneo zimewekwa Tanzania, yaani GMT+03:00. Akaunti nyingi hufunguliwa kwa haraka na kuachwa kwenye saa za Marekani, na matokeo yake ombi la chumba la Jumatatu asubuhi huandikwa Jumapili. Marekebisho haya huanza kufanya kazi siku unayoyafanya na hayarudi nyuma. Kumbuka pia kwamba ripoti huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: saa 20 ya ripoti ni saa mbili usiku kwetu, na mfanyakazi asiyeambiwa hilo atapanga zamu ya simu kinyume.

Humo humo Admin tafuta sehemu ya muda wa kutunza data. Data za kina za kila mtumiaji hutunzwa miezi 2 tu usipobadilisha, na kwa matumizi ya bure unaweza kuongeza hadi miezi 14. Ongeza leo. Mahafali huja mara moja kwa mwaka, na Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, kwa hiyo mwenye kumbukumbu za miezi miwili hawezi kulinganisha msimu huu na uliopita. Ripoti za kawaida haziathiriwi na ukomo huo, lakini uchambuzi wa makundi tutakaoufanya huathirika.

Kisha ondoa ziara za wafanyakazi wako. Njia inayoelezwa zaidi ni kuchuja anwani ya mtandao ya ofisi, nayo inafaa palipo na anwani isiyobadilika. Ofisi nyingi ndogo hapa hutumia rauta ya laini ya simu au hata bando la simu ya meneja, na anwani hubadilika mara kwa mara, hivyo kichujio cha namna hiyo hakichuji kitu. Njia iliyo imara zaidi ni kutengeneza ukurasa mmoja usiotangazwa ambao kila mfanyakazi anaufungua mara moja katika kivinjari chake. Ukurasa huo unaacha kidakuzi (cookie), yaani alama ndogo inayobaki kwenye kivinjari, na Google Tag Manager, zana ya Google inayotuma taarifa za tovuti kwenda Analytics, ikikiona kidakuzi hicho inatuma parameta, yaani taarifa ya nyongeza, iitwayo traffic_type yenye thamani internal, ambayo ndiyo kichujio cha ziara za ndani huitafuta. Kiache kichujio kwenye hali ya majaribio kwa wiki moja kabla ya kukiwasha, kwa kuwa data inayochujwa baada ya kuwashwa haipatikani tena.

Hatua ya tatu: mfanye mgeni aseme haja yake

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Zana haiwezi kujua sababu ya safari mpaka iambiwe, na njia za kuiambia ni mbili: mgeni aseme mwenyewe, au kurasa alizozisoma zimsemee.

Anza na fomu ya kuomba chumba. Ongeza swali moja, "Safari yako ni ya nini?", lenye majibu ya kuchagua, si nafasi ya kuandika. Mtu akiandika mwenyewe utapata "kikao", "Kikao cha kazi", "kazini" na "semina", na zana itayahesabu kuwa makundi manne. Herufi kubwa na ndogo nazo hutofautishwa, kwa hiyo Kikazi na kikazi ni vitu viwili. Kinachoonekana kwa mgeni kinaweza kuwa sentensi nzuri, lakini kinachotumwa kiwe neno moja la herufi ndogo. Fomu ikishatumwa kwa mafanikio, tovuti itoe mstari huu:

dataLayer.push({event: 'ombi_chumba', aina_ya_safari: 'kikazi'});

Ndani ya Tag Manager tengeneza kigeu (variable) kinachosoma aina_ya_safari, kichocheo (trigger) kinachosubiri ombi_chumba, na tagi (tag) inayotuma tukio hilo (event, yaani kitendo kimoja cha mgeni) pamoja na parameta yake kwenda Google Analytics. Majina ya Kiswahili yanakubalika bila shida, mradi yaanze na herufi, yasiwe na nafasi, na jina la tukio lisizidi herufi 40. Mimi nashauri yawe ya Kiswahili kabisa, kwa sababu atakayesoma ripoti ni mhasibu au mpwa wa mwenye nyumba, wala si fundi aliyeiweka.

Baada ya hapo rudi Admin, fungua sehemu ya Custom definitions na usajili aina_ya_safari kama sifa ya tukio (custom dimension). Wengi huishia njiani hapa: wanaona tukio linaingia, wanafurahi, na baada ya miezi mitatu wanagundua kwamba thamani zake hazionekani kwenye ripoti kwa kuwa hazikusajiliwa. Usajili haurudi nyuma. Matumizi ya bure yanaruhusu sifa 50 za matukio na 25 za watumiaji, nawe hutazimaliza. Tukio la ombi_chumba litie pia alama ya tukio kuu (key event), ili likae mbele katika ripoti.

Sasa simu. Wateja wengi hawatajaza fomu hata ikiwa na maswali mawili, watabofya namba wapige. Vipimo vinavyowashwa moja kwa moja na Google Analytics hunasa usomaji wa ukurasa hadi asilimia 90, upakuaji wa mafaili na mibofyo inayotoka nje ya tovuti, na kwa hiyo kitufe cha WhatsApp chenye kiungo cha wa.me kitaonekana bila kazi ya ziada. Mbofyo wa namba ya simu usiutegemee kuonekana wenyewe. Katika Tag Manager weka kichocheo cha viungo ambavyo anwani yake inaanza na tel: kisha utume tukio kama bofya_simu. Tukio hilo halitakuambia aina ya safari, lakini litakuambia mbofyo umetokea kwenye ukurasa gani, na hapo ndipo kurasa zinapomsemea mgeni.

Kwa hiyo andika ukurasa mmoja kwa kila haja: wa kulala karibu na Mtumba, wa wageni wa mahafali, wa wiki ya Nane Nane, na wa safari ya Kondoa. Aliyesoma ukurasa wa Mtumba kisha akabofya simu, mhesabu kuwa wa kikazi mpaka ithibitike vinginevyo. Ushahidi huu ni dhaifu kuliko jibu la fomu, na katika ripoti utengwe: kundi la waliosema na kundi la waliodhaniwa visichanganywe, hata kama kuvichanganya kunaleta namba ya kupendeza.

Jambo la sheria lisipitwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na masharti ya Google yenyewe yanakataza kutuma majina, namba za simu au barua pepe ndani ya Analytics. Hatari kubwa haitokani na nia mbaya. Fomu iliyotengenezwa vibaya, ikitumwa, huacha alichokiandika mgeni kwenye anwani ya ukurasa unaofuata, na utaona kitu kama /asante?jina=…&simu=07…, nayo Analytics hurekodi anwani yote kama ilivyo. Jaza fomu yako mwenyewe leo, utazame juu ya kivinjari. Ukiona namba yako pale, mwambie fundi abadilishe namna fomu inavyotumwa, na kwa kinga ya ziada uwashe ufutaji wa vipengele hivyo ndani ya mipangilio ya mkondo wa data (data stream).

Hatua ya nne: viungo vya WhatsApp viwe na alama

Kiungo kinachotumwa kwenye kundi la WhatsApp na kufunguliwa huko huko mara nyingi hakibebi taarifa ya kilikotoka, na mgeni huandikwa kuwa amekuja moja kwa moja, kana kwamba ameiandika anwani yako kwa mkono. Kwa biashara inayoishi kwa status na makundi, hiyo ni sehemu kubwa ya wageni kupotelea gizani. Mwisho wa kila kiungo unachokisambaza ongeza alama, kwa mfano:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=bunge_bajeti

Katika utm_campaign andika Kiswahili upendavyo, lakini kwenye utm_medium tumia maneno ambayo Google inayatambua. Ukiandika "ujumbe" hapo, ziara hizo zitatupwa kwenye fungu la zisizojulikana. Alama hizi ni za viungo vinavyotoka nje tu, na ukiziweka kwenye menyu ya tovuti yako mwenyewe utavuruga kumbukumbu ya mahali mgeni alikotokea.

Hatua ya tano: jenga makundi

Data ikishaingia kwa wiki mbili tatu, fungua sehemu ya Explore, anza uchambuzi mtupu, na uongeze kundi jipya. Utaulizwa kundi la aina gani, na jibu lina uzito. Kundi la watumiaji humchukua mtu pamoja na ziara zake zote, kundi la ziara huchukua ziara zilizotimiza sharti tu, na kundi la matukio huchukua matukio yenyewe. Mtumishi anayesoma ukurasa wa Mtumba Jumatano akiwa ofisini Singida, kisha akarudi Ijumaa kwa kompyuta ile ile na kutuma ombi, ataonekana kikamilifu katika kundi la watumiaji, lakini kundi la ziara litamkata vipande viwili na kukuonyesha Ijumaa bila sababu yake. Kwa maswali ya haja, tumia watumiaji. Kwa maswali ya siku na saa, tumia ziara. Akirudi kwa simu badala ya kompyuta, zana itamhesabu kuwa mtu mwingine, na kwa tovuti isiyo na akaunti za wateja hilo halina dawa.

Kwa kundi la kikazi weka sharti kwamba jina la tukio ni ombi_chumba na, ndani ya sharti hilo hilo, parameta aina_ya_safari iwe kikazi. Ukiyaweka kama masharti mawili yaliyotengana, unaweza kuwaingiza watu ambao hukuwakusudia. Kwa kundi la waliodhaniwa, weka mfuatano: kwanza ukurasa wa Mtumba, kisha bofya_simu, pakiwa na ukomo wa muda kati ya hatua hizo. Uchambuzi mmoja hubeba makundi hadi 10 lakini huonyesha 4 kwa wakati mmoja, idadi inayotosha kwa karatasi yetu.

Makundi haya huangalia data iliyokwisha kuingia. Unapotengeneza kundi unaweza pia kuligeuza kuwa hadhira (audience), ambayo hukusanya watu kuanzia siku hiyo na inaweza kutumika kwenye matangazo. Asiyelipia matangazo ya Google hana haja ya kuharakisha.

Hatua ya sita: soma, kisha badilisha kitu

Usisome data za jana. Uchakataji huweza kuchukua saa 24 hadi 48, na anayeangalia kila asubuhi huishia kubadilisha tovuti kwa kufuata namba ambazo hazijakamilika. Usikubali pia kuongozwa na asilimia za kundi dogo: watu 3 kati ya 6 ni nusu, na akiondoka mmoja simulizi yote inageuka. Kwa tovuti ndogo unganisha wiki nane au kumi, na usome idadi kabla ya asilimia.

Swali la kuanzia liwe hili: kila kundi linaishia ukurasa gani bila kuomba chumba? Tumia uchambuzi wa hatua (Funnel exploration), uweke ukurasa wa kwanza, ukurasa wa bei, fomu, kisha ombi, na ulinganishe makundi mawili tu. Hapa tumia makundi ya wasomaji wa kurasa, si ya waliojaza fomu, kwa sababu aliyejaza fomu kwa vyovyote amefika mwisho. Tuseme wasomaji wa ukurasa wa mahafali wanaishia kwenye bei huku wale wa Mtumba wanafika kwenye fomu na kuiacha. Wa kwanza huenda hawakuona bei ya chumba cha familia, nawe utaiandika juu kabisa ya ukurasa wao. Wa pili huenda wanahitaji ankara kifani kabla ya kujifunga, na fomu haina mahali pa kuiomba. Ongeza kisanduku kimoja cha kuiomba, andika tarehe uliyokiongeza, na ulinganishe baada ya mwezi. Ukibadilisha mambo manne kwa siku moja hutajua lililofanya kazi.

Makundi yenyewe yakaguliwe kila baada ya msimu. Treni ya SGR ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na mtu mwenye kikao cha saa chache anaweza sasa kurudi Dar es Salaam jioni ile ile bila kulala. Huyo anaweza kusoma ukurasa wa Mtumba, akaangalia bei na kuondoka, na katika kundi la kikazi atakuwa anashusha wastani bila kuwa mteja uliyempoteza. Akianza kuonekana, ongeza kwenye fomu jibu la "chumba cha mchana" kama unalitoa, au mtenge kwa sharti la kutofungua fomu kabisa. Kundi lililopita misimu miwili bila kubadilisha uamuzi wowote lifute, na thamani yake uiondoe kwenye fomu siku hiyo hiyo ili mgeni asiendelee kuulizwa swali lisilo na msikilizaji.